Mnyama wa Tendaguru aliyebaki magego tu: tusidanganyane na ile picha ya manyoya

MaalimMchangamdogo

Asalaam alaykum wadau.

Kuna picha inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp: kijinyama chenye manyoya ya kahawia, masharubu na mkia mrefu, kimekaa juu ya unyayo wa dinosaria, na chini imeandikwa "panya wa kwanza Tanzania". Wanafunzi wameniletea, wazazi wameniletea, hata kondakta wa gari la Konde kanionesha simu yake huku chenji yangu bado anayo mkononi. Nimeona bora niandike hapa, kila atakayeuliza nimtumie kiungo.

Mnyama alikuwepo. Kitaalamu anaitwa Allostaffia. Lakini manyoya, masharubu, mkia, macho na huo mkao wa kiburi ni kazi ya mchoraji. Kilichopatikana ni magego. Hakuna fuvu, hakuna ubavu, hakuna hata ukucha. Ni magego yaliyotengana, madogo ya milimita chache tu, kutoka Tendaguru mkoani Lindi, kwenye mwamba wa mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita. Na panya si panya. Panya wamekuja duniani baadaye kabisa, wakati dinosaria wakubwa washatoweka.

Tendaguru wengi mnaijua kwa sababu ya lile dubwana lililoko Berlin. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi karibu na kilima hicho. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani wakapeleka msafara, viongozi wakiwa Werner Janensch na Edwin Hennig, mwisho akaja Hans Reck. Yakachimbwa mashimo kwa mashimo. Katika hayo ndimo alimotoka Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu, ambaye kiunzi chake kilisimamishwa 1937 katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Hiyo ndiyo sehemu ya khabari inayojulikana.

Sehemu isiyojulikana ndiyo iliyonifanya niandike. Mifupa ile haikusafiri mitupu. Ilikwenda na udongo wake, umeganda ubavuni na kujaa kwenye matundu. Miongo mingi baadaye, pale pale makumbusho ya Berlin, mtafiti Wolf-Dieter Heinrich akaanza kushughulika na ule udongo wenyewe, si mifupa. Udongo unalainishwa, unachekechwa kwa chekeche la matundu madogo kabisa, kinachobaki juu kinakaushwa, halafu mtu anakaa na darubini na sindano anatenganisha punje moja moja. Mchanga, mchanga, kipande cha ganda, mchanga, gamba la samaki, mchanga. Halafu jino.

Mwaka 1999 Heinrich akatangaza mnyama huyu kwa jina la Staffia, kumuenzi Hans von Staff, mwanajiolojia aliyekuwemo katika ule msafara wa zamani. Bahati mbaya jina Staffia lilikuwa tayari limeshapewa kiumbe mwingine, na kanuni za wataalamu haziruhusu wanyama wawili kutumia jina moja, basi mwaka 2004 likabadilishwa likawa Allostaffia.

Anatiwa kwenye kundi linaloitwa haramiyida, jamaa wa kale sana wa mamalia. Alipotangazwa alikuwa wa kwanza wa kundi hilo kutoka Gondwana, yaani lile bara kubwa la kusini ambamo Afrika, India, Madagaska, Amerika Kusini, Australia na Antaktika zilikuwa pamoja.

Maswali karibuni. Atakayeniletea tena ile picha namjibu kwa namba ya uzi huu.

KarafuuMbichi

Uzi tayari. Maalim tiririka, mie nimeshatandika jamvi.

Swali la mtu ambaye biolojia aliiacha skuli: jino ni jino. Watu wanajuaje hilo si la mjusi au mamba mchanga?

MbishiDarajani

Hapo sasa. Wazungu wakiokota kijiwe chenye ncha washampa jina, wamempa na ukoo, na bara lake. Mie mukiniletea jino la marehemu babu yangu hamuwezi kuniambia alikuwa anavaa kanzu ya rangi gani.

MaalimMchangamdogo

Mbishi, kanzu siwezi. Lakini nikilikuta jino lina wekundu uliokaa, limelika upande mmoja, nitakwambia babu alikuwa akila tambuu, na shavu alilokuwa akiuwekea nitakuonesha. Ndiyo mipaka yenyewe hiyo. Jino linasema kazi lililoifanya. Kanzu halisemi, na mchoraji wa ile picha kachora kanzu.

Swali la KarafuuMbichi namwachia daktari, najua yumo humu.

DktMenoUnguja

Nimo, nilikuwa na mgonjwa.

KarafuuMbichi, swali lako si dogo. Chukua jino la mamba. Ni pia moja, ncha moja, mzizi mmoja, na chini ni tupu kwa sababu jino jipya linamea humo humo ndani likilisukuma la zamani. Likidondoka, mara nyingi mzizi umeshaliwa, unaokota kofia tu. Mjusi wengi meno yao hata hayakai kwenye tundu, yamegandishwa kwenye ukingo wa taya. Halafu wote hao wanabadilisha meno maisha yao yote. Jino ambalo kesho kutwa litadondoka halina haja ya kuoana sawasawa na mwenzake wa juu.

Sasa gego la mamalia. Gego lako la chini lina mizizi miwili, la juu lina mitatu. Mimi nayang'oa kila siku na ile mizizi ndiyo inayonitoa jasho. Juu lina vilima na mabonde, na kila kilima kina bonde lake kwenye jino la upande wa pili. Ukifunga mdomo, kilima kinaingia bondeni. Kwa sababu tuna seti mbili tu, za utotoni na za ukubwani, jino linakaa miaka mingi likisuguana na jirani yule yule, na msuguano unaacha sehemu bapa zinazong'aa, mahali maalumu, pembe maalumu. Ukiweka chini ya darubini unaona mikwaruzo midogo imelala sambamba. Mikwaruzo ile inaonesha taya lilikuwa linakwenda upande gani wakati wa kutafuna.

Kwa hiyo mtu akikuta jino lenye mizizi zaidi ya mmoja, lina safu za vilima na bonde katikati, na vilima vina alama za kusuguana na jino la upande wa pili, ameshatoka kwa mamba na mijusi. Anaweza kuwa bado hajafika kwa mamalia kamili, lakini anajua yuko mtaa gani.

Na kwa nini meno ndiyo yanayobaki? Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino. Kwa uzito, kiasi cha asilimia 96 yake ni madini. Mfupa una protini nyingi ndani yake, bakteria wanaula, asidi inautafuna, na mnyama mdogo mifupa yake ni kama hakuna. Meno hata yakimezwa na kupita tumboni yanaweza kutoka yanatambulika.

Mvuvi_Nungwi

Daktari, na papa je? Sie tunayaokota meno ya papa ufukweni, makali bado.

DktMenoUnguja

Papa ana safu nyuma ya safu, linalotoka linafuatwa na jingine, kwa umri wake anadondosha maelfu. Hana tundu la jino wala mzizi wa kuingia kwenye mfupa, kwani taya lenyewe ni gegedu. Ndiyo maana meno ya papa yamejaa duniani na taya la papa la kale ni adimu.

MaalimMchangamdogo

Na Tendaguru pia meno ya papa yamepatikana, kwa khabari yako Mvuvi. Ule mwamba una tabaka tatu za dinosaria, na katikati yake tabaka za mchanga wa baharini zenye makombe na konokono wa bahari. Maana yake maji yalikuwa yanakuja na kurudi nyakati tofauti. Palikuwa pwani: maji ya kina kifupi, mafungu ya mchanga, matope yanayofunikwa maji yakijaa na kuachwa yakipwa, na bara kidogo misitu ya miti ya jamii ya misonobari. Kijinyama chetu kilikuwa cha watu wa pwani.

SheikhMtaani

Maalim, mimi naheshimu elimu yako, ila hiyo milioni 150 mumeihesabu vipi? Na vijana wakisoma haya hawatachanganyikiwa na imani?

MaalimMchangamdogo

Sheikh wangu, la umri nakujibu. Kwenye zile tabaka za bahari kuna amonaiti, viumbe wa jamii ya pweza na ngisi waliokuwa na maganda ya mzunguko. Aina zao zilibadilika haraka na zilienea bahari nyingi, kwa hiyo aina fulani ikionekana Lindi na ikaonekana pia kwenye mwamba wa Ulaya, unajua miamba hiyo ni ya wakati mmoja. Miaka yenyewe inapatikana penye miamba ya volkano iliyo baina ya tabaka kama hizo, kwa kupima madini yenye elementi zinazooza kwa mwendo unaojulikana, kama urani kugeuka risasi. Unaunganisha hili na lile.

La imani, mimi darasani nafundisha biolojia na jioni nakwenda msikitini, sijawahi kugombana na nafsi yangu njiani. Tukitaka kulijadili tulifungulie uzi wake, hapa tubaki na meno.

SheikhMtaani

Sawa. Naendelea kusoma.

LindiKwetu

Wakuu, nimekuta uzi wa nyumbani kwetu unajadiliwa visiwani, nimefurahi. Lakini naona mnataja Wajerumani tu, kana kwamba mifupa ilijichimba.

Waliochimba ni watu wa Lindi na waliotoka pande nyingine za kusini, mamia kwa mamia. Msimamizi wao anajulikana kwa jina, Boheti bin Amrani, na yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kuitoa mifupa mwambani bila kuivunja. Kumbukeni mwaka ulikuwa 1909. Vita vya Maji Maji vimetoka kuisha 1907, vijiji vimechomwa, njaa imeua watu wasiohesabika. Waliobaki ndio walioshika majembe. Mifupa ikafungwa, mingine kwenye vyombo vya mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa mguu, wanarudi, wanabeba tena. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Ujerumani.

Sasa ukisoma hapo juu kwamba meno yalipatikana kwenye udongo ulioganda kwenye mifupa, jiulize nani aliubeba huo udongo. Babu zetu walibeba na huyo mnyama wenu bila mtu yeyote kujua kwamba yumo.

KarafuuMbichi

Hili la LindiKwetu limenikaa. Yaani mzigo ulikuwa na mzigo ndani yake.

MbishiDarajani

Basi warudishe! Dinosaria, meno, udongo, vyote. Mbona kimya?

LindiKwetu

Si kimya mkuu, limeshasemwa hadi bungeni, zaidi ya mara moja. Hoja zinazotolewa ni zile zile: litawekwa wapi, gharama za kulihifadhi, bora washirikiane kitaalamu. Mimi msimamo wangu ni kwamba Lindi ijengewe makumbusho kwanza, iwe na maabara, si ukumbi wa kupigia picha. Mwaka 2000 walikuja tena wataalamu wa Kijerumani wakafanya kazi na Watanzania pale Tendaguru, kwa hiyo ushirikiano unawezekana.

MaalimMchangamdogo

Naungana na LindiKwetu, na naongeza la kwangu: tukidai tu lile dubwana tutakuwa tumerudia kosa la waliolipakia, kuthamini kikubwa kwa ukubwa wake. Meno yale yote ya Allostaffia yanaingia kwenye kiganja cha mtoto na nafasi ikabaki. Kwa elimu ya asili ya mamalia, mimi naona yana uzito zaidi ya shingo ya Giraffatitan. Najua humu wapo watakaonipinga.

Mvuvi_Nungwi

Nakupinga. Mita 13 ni mita 13.

BintiMakunduchi

Maalim samahani naingilia, mimi nasoma chuo mwaka wa pili, zuolojia, na hawa haramiyida ndio walionitesa semista iliyopita. Mumesema kirahisi "jamaa wa kale wa mamalia" lakini hapo ndipo penye ugomvi wote.

Kisa ni hiki. Meno ya kwanza ya kundi hili yalitangazwa Ujerumani mwaka 1847 na Plieninger, kutoka miamba ya Triasiki, kipindi kilichotangulia Jurasiki. Tangu hapo miaka 150 ilipita watu wana meno tu mkononi. Wakati mwingine walibishana hata upande upi ni wa mbele na upi wa nyuma. Kulikuwa na wanyama wawili, mmoja anaitwa Haramiya, mwingine Thomasia, kila mmoja na meno yake na sifa zake, wanafunzi wanawakariri wote wawili. Baadaye watu walipoyachunguza vizuri meno mengi yaliyotoka Ufaransa, wakagundua yale ya Haramiya ni ya taya la juu na yale ya Thomasia ni ya taya la chini. Mdomo mmoja, majina mawili!

Mwaka 1997 ndipo akatangazwa Haramiyavia kutoka Greenland, ana taya lenye meno yake ndani na vipande vya mwili. Angalau tukajua jino lipi linakaa wapi.

Halafu mwezi wa Agosti 2013 jarida la Nature likatoa makala mbili kwa mpigo, zote za wanyama kutoka China, na zote zina viunzi vizima au karibu. Makala ya kwanza, ya Arboroharamiya, ikasema hawa ni mamalia kamili, na kwa hiyo mamalia walianza zamani zaidi ya tulivyodhani, huko Triasiki, zaidi ya miaka milioni 200. Makala ya pili, ya Megaconus, ikasema hapana, hawa wako nje ya mamalia, wamejitenga kabla. Toleo moja la jarida, majibu mawili yasiyokutana.

MbishiDarajani

Na nyinyi munataka sie tuwaamini.

BintiMakunduchi

Kaka, wakikubaliana wote utasema wamepangiana.

Tatizo lilikuwa wapi? Mamalia anatambuliwa kwa mfupa mmoja tu wa taya la chini, unaoungana na fuvu kwa namna yake, na kwa vifupa vitatu vidogo vya sikio la kati. Vifupa viwili kati ya hivyo, kwa mababu wa zamani, vilikuwa sehemu ya kiungo cha taya. Ukiwa na fuvu na taya unaangalia: vimeshahamia sikioni au bado vimeshikana na taya? Mwaka 2015 taya la Haramiyavia likapigwa picha upya kwa mashine ya CT, na ikaonekana lina mfereji ambao vifupa hivyo vilikuwa bado vimekaa. Kwa hiyo yeye ni wa nje. Lakini wale wa China bado wapo wataalamu wanaowaweka ndani.

Sasa jiulizeni Allostaffia wetu yuko upande gani. Sikio lake hatuna. Taya hatuna. Meno yake yanafanana na ya kundi hilo, na meno yanaweza kufanana kwa sababu ya chakula kilekile bila ya udugu wowote. Ukimweka nje au ndani umebahatisha.

DktMenoUnguja

Binti umeeleza vizuri sana, mashaallah. Na hilo la kufanana kwa sababu ya kazi nalitilia mkazo. Jino ni chombo. Wanyama wasio ndugu wakila vitu vinavyofanana, baada ya muda mrefu meno yanaelekeana.

Mvuvi_Nungwi

Hebu niulize, kuna mahali nimesoma kwamba jamaa zake walikuwa wanaruka. Kweli?

BintiMakunduchi

Wapo. Mwaka 2017 walitangazwa wawili kutoka China, Maiopatagium na Vilevolodon, wana miaka kama milioni 160, na mwambani limebaki alama ya ngozi iliyotandazwa baina ya mikono na miguu. Hawapigi mbawa, wanateleza hewani kutoka mti hadi mti. Lakini hao tunajua kwa sababu ngozi yao ilibaki. Kwa Allostaffia hatuna hata kidole. Mtu akimchora anateleza juu ya kichwa cha dinosaria, naye ni mchoraji tu.

MaalimMchangamdogo

Ahsante Binti, umenipunguzia kazi.

Kwa walimu wenzangu wanaosoma, hivi ndivyo ninavyolifundisha hili darasani bila ya vifaa. Baada ya Idi Kubwa mitaa yote ina mataya ya mbuzi. Naomba yaletwe, yachemshwe, yaoshwe. Naanzia mbele, maana hapo watoto wote ni wataalamu: mbuzi wa kuchinja lazima awe ametimiza umri, na kila mzee anapofika mnadani anamfunua mdomo, anaangalia kama jozi ya katikati ya meno ya chini imeshabadilika, makubwa mawili yamesimama kati ya madogo. Hakuna aliyemuona siku anazaliwa, na bado wanaujua umri wake. Naam, tayari wanasoma meno.

Kisha nawapeleka nyuma, kwenye magego. Juu ya kila gego kuna miviringo ya enameli kama mwezi mwandamo, miwili miwili, meupe na makali, na katikati yake mabonde ya kahawia ambayo yamelika zaidi kwa kuwa ni laini. Nawaambia wapitishe ukucha kutoka shavuni kwenda ulimini: unakwama kwenye kila ukingo. Mbuzi anatafuna kwa kupeleka taya pembeni, kwa hiyo kingo zimewekwa za kukata pembeni. Halafu nawauliza: ningekupa gego hili peke yake, ungeniambia nini? Wanasema alikula majani, alitafuna pembeni, alikuwa mzee au kijana. Nauliza: alikuwa na pembe? Hapo wanaanza kubishana, mpaka mmoja anasema, maalim, gego halijui pembe.

Haramiyida magego yao yana safu mbili za vilima zilizokwenda sambamba, na bonde katikati. Kilima kirefu cha jino la chini kinaingia kwenye bonde la jino la juu, na kinyume chake. Kwa Haramiyavia inaonekana alitafuna zaidi kwa kupandisha na kushusha, akiponda.

KarafuuMbichi

Maalim, na sie huku visiwani je? Nikichimba shamba langu Pemba naweza kukuta jino kama hilo?

MaalimMchangamdogo

La, mwamba wetu ni mdogo kwa umri. Unguja na Pemba juu ni mawe ya matumbawe, mchanga na udongo, na hata zile tabaka za zamani zinazoonekana ni za Miosini, zimekuja baada ya dinosaria kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Mwamba wa Jurasiki uko chini kabisa, kwenye vina ambavyo kampuni za mafuta huvifikia kwa visima virefu. Ukitaka kuugusa kwa mkono vuka uende Tanga, mapango ya Amboni yamechongeka kwenye chokaa ya Jurasiki. Ila chokaa ile ni ya bahari, usitegemee magego.

Lakini meno yetu ya karibuni tunayo. Pango la Kuumbi kule Jambiani limechimbwa na Profesa Felix Chami, na baadaye na timu nyingine, na yamekutwa mabaki ya wanyama ambao leo Unguja hawapo, wakiwemo pundamilia na nyati. Wakati wa barafu kuu bahari ilishuka, na mkondo baina ya Unguja na bara una kina kidogo, kwa hiyo walivuka kwa miguu. Pemba mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Ndiyo maana sie Wapemba hatukupata pundamilia, tumebaki na popo wetu.

Mvuvi_Nungwi

Munajivunia popo 😂

MaalimMchangamdogo

Yule popo hayupo kwengine duniani. Nyinyi kaeni na mita zenu 13.

LindiKwetu

Turudi kwenye meno wakuu. Tendaguru ni huyu mmoja tu, au wapo wengine wadogo?

BintiMakunduchi

Wapo. Tendagurodon, kajulikana kwa jino. Tendagurutherium, kipande cha taya chenye gego la mwisho. Wote wawili ni Heinrich huyo huyo, 1998. Na wa zamani kuliko wote kwa kutangazwa ni Brancatherulum, 1927, alitangazwa na Dietrich. Huyo ni taya la chini, na halina jino hata moja, yote yamedondoka.

Na bara letu halijaishia hapo. Kule bonde la Rukwa, mwamba wa Kretasia, kipindi kilichofuata Jurasiki, limepatikana taya la chini la mnyama aliyeitwa Galulatherium, akatangazwa 2019. Meno yake yaliendelea kukua maisha yote. Yeye yuko kundi jingine, gondwanatheria, lakini ni taya moja tu ambalo limewapa wataalamu kazi ya miaka.

MbishiDarajani

Ngoja. Kilima kimoja. Kuna taya halina meno, na kuna meno hayana taya. Na hakuna hata profesa mmoja aliyejaribu kuyapachika?

KarafuuMbichi

Mbishi leo kauliza swali la maana 😂😂

DktMenoUnguja

Ni swali la maana kweli. Lakini taya likipoteza meno linabaki na matundu, na matundu yanasema. Unahesabu ni mangapi, yamepangwaje, makubwa yako wapi. Taya la Brancatherulum ni jembamba na mpangilio wake unaelekea ukoo mwingine, upande wa mamalia waliokuwa na magego mengi madogo yenye ncha tatu za pembetatu. Gego pana lenye safu mbili za vilima haliingii humo. Sawa na mtu aje na meno ya bandia ya mwenzake, mimi nitajua kabla hajafungua kinywa vizuri.

BintiMakunduchi

Na ndiyo maana kinachosubiriwa ni kipande cha taya chenye angalau gego moja bado limekaa tunduni. Hata kiwe na ukubwa wa ukucha. Hapo ubavu wa ndani wa taya utaangaliwa kama una ule mfereji, na nusu ya ugomvi itakwisha.

LindiKwetu

Kilima kipo, hakijahama. Na udongo wa kuchekecha umejaa.

MbishiDarajani

Haya nimewaelewa. Daktari, kwa kuwa upo: gego langu la chini kulia linaniuma tangu jana usiku, likiguswa na maji baridi ndiyo kabisa. Nije lini?

DktMenoUnguja

Njoo kesho asubuhi kabla ya saa nne. Na usiweke karafuu wala betri ya redio, wallahi nakurudisha nyumbani.